Barua za Calais: Rodin alishinda kwenye mikao, akashindwa kwenye kitako

Kamati inayopanga sanamu ya kumbukumbu ya vita hugombana na mchongaji wake juu ya mambo matatu: wachongwe watu wangapi, wasimame vipi, na wawekwe juu ya kitako gani, yaani msingi wa kuinulia sanamu. Mchongaji Mfaransa Auguste Rodin aligombana na mji wa Calais, kaskazini mwa Ufaransa, juu ya yote matatu, kwa ajili ya kundi lake la sanamu liitwalo Waungwana wa Calais. Ugomvi ulipita zaidi kwenye barua kati yake na Omer Dewavrin, aliyekuwa meya wakati shughuli inaanza mwaka 1884. Mawili Rodin aliyashinda. La tatu lilimponyoka, na mji ukakaa karibu miaka 30 kabla ya kulirekebisha.

Kisa hiki kinastahili kusomwa na mchongaji yeyote anayepewa kazi ya umma, na zaidi na wajumbe wa kamati. Ukizifuata barua kwa tarehe zake, unaona waziwazi ni lini hoja ilikuwa bado inabishaniwa na ni lini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mji uliotaka shujaa mmoja

Mwaka 1346, baada ya kuwashinda Wafaransa huko Crécy, Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza aliuzingira mji wa Calais. Watu walikaa ndani ya kuta kwa takriban miezi 11 mpaka chakula kikaisha. Agosti 1347 mfalme alikubali kuwaachia wenyeji kwa sharti moja: wakubwa 6 wa mji waje kambini kwake vichwa wazi, miguu mitupu, mashati tu mwilini, kamba shingoni, na funguo za mji na ngome mikononi. Walitoka wakijua wanakwenda kufa. Malkia Philippa aliwaombea, wakaachiwa. Habari hizo ziliandikwa na Jean Froissart, mwandishi wa historia wa zama hizo, na ndiye Rodin aliyemsoma kabla ya kugusa udongo.

Miaka ya 1880 Calais ilikuwa inabomoa kuta zake za kale na kujiandaa kuungana na mji jirani wa Saint-Pierre mwaka 1885. Wenyeji waliogopa historia yao isije ikaondoka pamoja na kuta. Septemba 1884 baraza la mji likapitisha azimio la kujenga sanamu ya Eustache de Saint-Pierre, mzee aliyejitolea kwanza kati ya wale 6. Wazo lilikuwa la zamani. Mchongaji David d'Angers alilishika miaka ya 1840, mwenzake Clésinger akalishika miaka ya 1860, na mara zote mbili kazi ilifia njiani.

Kumbuka neno la azimio: sanamu ya Eustache. Mtu mmoja. Ugomvi wa kwanza unaanzia hapo.

Watu 6 kwa bei ya mmoja

Dewavrin alimtembelea Rodin mjini Paris Oktoba 1884. Barua ya Rodin ya tarehe 3 Novemba inasema amepata wazo linalompendeza na ambalo litakuwa jipya katika utekelezaji wake. Mkataba ulikuwa bado haujakuwapo. Ndani ya mwezi huohuo alikuwa ameshafinyanga sanamu ndogo ya mfano: watu wote 6, wamefungwa pamoja kwa kamba, wakisonga mbele juu ya kitako kirefu. Katika barua ya tarehe 20 Novemba alieleza kwamba tukio lenyewe ndilo linalodai watu 6 wanaojitoa pamoja, na kwamba kitako kile amekichukua kwenye umbo la tao la ushindi, ila badala ya farasi na gari la vita kitabeba uzalendo na kujinyima.

Njia aliyotumia kubadilisha azimio la baraza inafaa kuangaliwa kwa makini. Hakuandika hoja tupu kwamba mtu mmoja hatoshi. Alipeleka kitu cha kuonekana, kisha akaondoa kikwazo cha bei: kazi ya sanamu 6 kwa malipo ambayo mji ungeyategemea kwa sanamu moja. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Januari 1885, kwa faranga 15,000.

Ushindi ulikuwa wa kweli, na gharama yake pia ilikuwa ya kweli. Malipo yale hayakuacha nafasi ya kuchelewa. Kazi ya watu 6 wenye kimo cha zaidi ya mita 2 inahitaji karakana yenye dari ya juu, mifupa ya chuma ya kushikilia udongo, watu wa kukodiwa wasimame kama vielelezo, wasaidizi wa kumimina plasta, na kodi ya kila mwezi muda wote huo. Bei ikishatajwa kwa kazi nzima, kila mwezi unaoongezeka unatoka mfukoni mwa mchongaji.

Julai 1885: yasiyoonekana ndiyo kwanza

Mfano wa pili ulikuwa na ukubwa wa theluthi moja, kila mtu akiwa na kama sentimita 70. Kipimo hiki ndicho kizuri kwa kazi kubwa, na hesabu yake ni rahisi. Ukikuza sanamu mara 3 kwa kimo, eneo la ngozi yake linakua mara 9 na ujazo wa udongo mara 27. Goti lililokosewa kwa sentimita 1 kwenye mfano litakuwa limekosewa kwa sentimita 3 kwenye kazi kubwa, na huko kulisahihisha ni kukata chuma cha ndani. Kwenye theluthi moja bado unaweza kumgeuza mtu mzima kwa mikono miwili.

Tarehe 14 Julai 1885 Rodin alimwandikia Dewavrin kwamba miili mitupu, yaani kilichoko chini ya nguo, imekamilika, na kwamba ataanza kuikuza kwa ukubwa wa mwisho ili asipoteze muda. Akaongeza kuwa kile kisichoonekana ndicho cha msingi, na hicho kimeshafanywa. Huo ndio utaratibu aliofanyia kazi: kwanza anafinyanga mwili uchi hadi mifupa na misuli ikae sawa, kisha anauvika nguo. Shati zito linalofika chini linaweza kuficha goti lisilobeba uzito, lakini jicho la mtazamaji litahisi kwamba mtu huyu hasimami. Sanamu kubwa za uchi za Jean d'Aire na Pierre de Wissant, wawili kati ya wale 6, zipo mpaka leo, na ukizitazama unaelewa kwa nini nguo za kazi ya mwisho zinaning'inia kwa haki.

Tatizo ni kwamba kamati haikuusoma mfano kwa jicho hilo. Mfano ulipofika Calais mwishoni mwa Julai, wajumbe waliuona kama sanamu iliyokwisha ila ndogo. Madai yao yalikuwa manne. Hivi sivyo wanavyowawazia raia wenzao watukufu wakienda kwa mfalme, maana mikao ya kukata tamaa inaudhi heshima waliyo nayo kwao. Umbo la kundi likitazamwa kwa mbali halina uzuri wa kutosha. Vichwa viko usawa mmoja, kwa hiyo mchongaji angeinua ardhi hapa na pale ili vimo vitofautiane. Na Eustache amevikwa kitambaa kizito mno wakati historia inasema alivaa nguo nyepesi. Gazeti la huko, *Le Patriote*, nalo likaandika kwa mwelekeo uleule.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua lugha ambayo kamati iliizoea. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, ni askari anayesonga mbele na bunduki yenye singe, ameinuliwa juu ya vichwa vya wapita njia. Mtu wa kumbukumbu ya vita anatarajiwa awe hivyo. Rodin aliwapa wazee waliodhoofika kwa njaa, mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili, mwingine amegeuka nyuma.

Majibu yake ya mwanzoni mwa Agosti 1885 ni mfano mzuri wa barua ya kujitetea, na nguvu yake iko katika mpangilio. Dai la vichwa kulingana alilipa jina: kamati inataka vichwa vifanye piramidi badala ya mchemraba, na hiyo ni sheria ya shule rasmi za sanaa. Akasema anaipinga, kwa kuwa imetawala tangu mwanzo wa karne ile, inakwenda kinyume na vipindi vikubwa vya sanaa vilivyotangulia, na inazaa kazi baridi zisizo na mwendo. Dai la Eustache kuinama alilijibu kwa tukio lenyewe: huyu ndiye wa kwanza kushuka, na mistari ya kundi inamhitaji akae hivyo. Kwa maneno mengine, alitenganisha kanuni na mapenzi. Kamati ilidhani inatoa maoni ya ladha. Alipoonyesha kwamba nyuma ya maoni hayo kuna kanuni moja ya shule, ikawa vigumu kwa wajumbe kumwamuru aifuate bila kuonekana wanamfundisha kazi yake.

Dai la nguo ndilo lililokuwa na haki kwa upande wa kamati, na lingeepukika. Mfano ule ulikuwa kwenye hatua ya kuandaliwa kukuzwa, na nguo zilikuwa za muda, zingefanywa upya kwenye ukubwa wa mwisho. Rodin alimwambia meya kuhusu miili iliyo chini ya nguo. Wajumbe waliosimama mbele ya mfano waliona nguo. Mfano wa kati unaopelekwa kwa kamati unahitaji karatasi inayoandamana nao, iliyoandikwa kwa wasio mafundi: hiki kimekwisha, hiki bado, hiki msikihukumu. Bila karatasi hiyo watu watahukumu kile kinachoonekana kwanza, na kinachoonekana kwanza huwa ndicho kisichokwisha.

Mikao ilibaki kama alivyotaka. Kwenye kazi ya mwisho vichwa vingali karibu usawa mmoja, Eustache angali ameinama, mikono yake mizito imelegea, na Jean d'Aire amesimama ameng'ang'ania ufunguo. Hata ile kamba iliyowaunganisha kwenye mfano wa kwanza ilitoweka, kila mtu akabaki na kifo chake peke yake. Kamati haikupata piramidi yake.

Pesa zinakauka, udongo hausubiri

Barua nzuri haikuwa sababu pekee ya ushindi huo. Mwaka 1886 msukosuko wa benki uliikumba Calais na michango ya sanamu ikakwama. Kamati isiyo na pesa haina nguvu ya kudai mabadiliko. Rodin alipata uhuru, akakosa malipo.

Hapa inabidi kueleza hatari ambayo wasio mafundi hawaijui. Sanamu ya udongo haiwezi kuachwa ikisubiri fedha. Udongo lazima ufunikwe kwa vitambaa vilivyoloweshwa na kunyunyiziwa maji kila wakati. Ukikauka unasinyaa, lakini chuma kilichoko ndani hakisinyai, kwa hiyo nyufa zinatokea pale palipo pembamba: vifundo, vidole, shingo. Baridi kali ni mbaya zaidi, maana maji yaliyomo kwenye udongo yakiganda yanatanuka na kuubomoa. Rodin aliijua hasara hiyo tangu ujana wake, pale kichwa chake cha mtu mwenye pua iliyovunjika kilipoganda kwenye karakana isiyo na moto na sehemu ya nyuma ikaanguka. Dawa ni kumimina kila sehemu kwa plasta mara tu inapofikia hatua inayoridhisha. Plasta inasubiri miaka, inakatika kwa msumeno, inaunganishwa upya, na kiungo kimoja kinaweza kutumika mahali pawili.

Ndivyo kundi hili lilivyojengwa. Kila mtu alifanyiwa kazi peke yake, na vichwa, mikono na miguu vilipata majaribio yake tofauti. Baadhi ya vichwa vinatokana na kichwa kimoja kilichogeuzwa na kubadilishwa kidogo. Watu walikuja kupangwa pamoja mwishoni. Njia hii ilimwezesha pia kuonyesha kazi kwa vipande wakati mji umenyamaza: watu 3 walionekana kwenye ukumbi wa maonyesho wa Georges Petit mjini Paris mwaka 1887, na kundi zima la plasta likaonyeshwa hapohapo mwaka 1889, katika maonyesho aliyoshirikiana na mchoraji Claude Monet. Sifa zilizotoka Paris zikaifanya Calais imiliki kwa mkataba kitu ambacho kila mtu alikuwa amekiona isipokuwa yenyewe.

Fedha zilipatikana baadaye, kwa bahati nasibu iliyoendeshwa mwaka 1894 pamoja na msaada wa serikali. Kiwanda cha Leblanc-Barbedienne kikasubu kundi kwa shaba nyeusi mwaka 1895.

Kitako: hoja iliyochelewa

Rudi kwenye mfano wa kwanza wa Novemba 1884. Kitako kilikuwa kirefu, chenye umbo la tao, na Rodin mwenyewe alikisifu kwa barua. Mawazo yake yalibadilika kadiri watu wenyewe walivyobadilika. Kundi linalosonga pamoja kwa ushindi linafaa kuinuliwa. Watu 6 wanaotoka nyumbani kwao kwenda kufa, kila mmoja na hofu yake, wanadai kitu kingine. Baadaye alieleza kwamba angependa wapandwe mmoja nyuma ya mwingine kwenye mawe ya uwanja wenyewe, ili watu wa Calais wa leo wapite kati yao na karibu wagusane nao.

Lakini barua aliyoandika kwa Dewavrin kuhusu hili ni ya tarehe 8 Desemba 1893. Miaka 9 ilikuwa imepita tangu mfano wa kwanza. Ndani yake alisema kwamba likiwekwa chini sana, kundi lingekuwa la karibu zaidi na lingewaingiza watu katika taabu na kujitoa kwa wale watu. Aliandika kwa upole, kama mtu anayetoa wazo lake na kuwaachia wenye mji waamue. Ukiilinganisha na barua ya Agosti 1885 unaona tofauti ya mkono. Ile ya kwanza inapigana. Hii inapendekeza.

Mji ukaamua kwa desturi yake. Tarehe 3 Juni 1895 Waungwana wa Calais walizinduliwa mbele ya bustani ya Richelieu, juu ya kitako cha kawaida cha mawe, wamezungushiwa uzio wa chuma.

Msimamo wa Rodin ulikuwa kwamba kundi likae chini sana au liinuliwe juu sana, na jiometri inamuunga mkono. Chukua mtazamaji ambaye macho yake yako mita 1.6 kutoka ardhini, amesimama mita 4 mbele ya mtu wa shaba wa mita 2. Sanamu ikiwa ardhini, kutoka unyayo hadi utosi inachukua takriban nyuzi 27 za macho yake. Ikiinuliwa mita 5, inachukua nyuzi 13 tu. Kimo chake machoni kimepungua hadi chini ya nusu, na ili kumwona vizuri lazima mtu arudi nyuma sana. Ukirudi nyuma unapoteza uso lakini unapata umbo lote dhidi ya anga, na hiyo ni faida halali. Kitako cha wastani hakitoi faida yoyote kati ya hizo mbili. Macho ya mtazamaji yanakutana na ukingo wa jiwe, ukingo unaficha miguu ya walioko nyuma, maana kundi lina kina kinachokaribia mita 2, na uzio unamzuia mtu kusogea au kuzunguka. Kundi hili halina upande wa mbele mmoja. Lazima lizungukwe, la sivyo nusu ya watu hawaonekani.

Kosa lilikuwa la utaratibu zaidi kuliko la ladha. Januari 1885 idadi ya watu na bei viliwekwa kwenye mkataba, na vikadumu hata benki zilipoanguka. Mikao ilibishaniwa ikiwa bado ni sentimita 70 za plasta, na ikadumu. Kimo cha kitako, mahali pa kuwekwa, uzio na umbali wa mtazamaji havikufungwa mapema. Viliachwa mpaka wakati ambao pesa zilikuwa za bahati nasibu na serikali, na mji ulikuwa na haraka ya kuzindua. Wakati huo mchongaji hana tena kitu cha kuzuia, kwa sababu kazi yake imeshakamilika na wenye mji wanaisubiri.

Kwa mtu anayeandika mkataba wa namna hii leo, vipengele vya kitako vinapaswa kuwa kwenye ukurasa uleule wa bei: kimo kwa sentimita kutoka usawa wa barabara, ramani ya mahali yenye pande nne, uzio upo au haupo, nani anamlipa mwashi, na nani ana neno la mwisho iwapo eneo litabadilishwa. Jaribio lake ni la bei ndogo. Jenga jukwaa la mbao la kimo kinachopendekezwa kwenye uwanja wenyewe, simamisha juu yake mbao zilizokatwa kwa umbo la watu, iite kamati ije isimame mita 4, mita 10 na mita 30. Siku moja ya fundi seremala inaokoa miaka ya majuto.

Mwaka 1924, Rodin akiwa amefariki miaka 7 iliyopita, kundi lilihamishiwa uwanja wa Place d'Armes mjini Calais na kuwekwa chini kama alivyotaka. Tangu 1945 liko mbele ya ukumbi wa mji. Nakala nyingine zilikwenda njia zake, kwa kuwa sheria ya Ufaransa inahesabu nakala 12 za kundi kuwa kazi halisi na kila mnunuzi hujiamulia kitako. London, iliyonunua yake mwaka 1911 na kuisimamisha karibu na Bunge, ilichukua lile chaguo la juu sana, kisha mwaka 1956 kitako kikashushwa. Chuo Kikuu cha Stanford huko California kina sanamu za shaba za waungwana hao mmoja mmoja, na kimezisambaza kwenye sakafu ya ua wa mawe, bila kitako kabisa. Wanafunzi wanaokwenda madarasani hupita katikati yao.